Fangio: ‘Matege’ wa gereji aliyetwaa mataji matano kwa magari ya kampuni nne

Kaa kwenye kijiwe chochote cha madereva, wawe wa teksi, wa lori au wa bosi, utaukuta ubishi uleule. Huyu anaapia Benz, kwamba ukiitunza itakuzika. Yule anasema Benz ni gari la wazee, mtu mwenye damu ya moto anataka BMW. Wa tatu anawacheka wote wawili, anasema gari ni lile ambalo spea zake zinapatikana Jumapili jioni. Ubishi huo ni wa siku nyingi. Tena Kiswahili ndicho kilicholipa gari la Kijerumani ukoo wake, pale vigogo walipoanza kuitwa Wabenzi.

Ubishi huo haumaliziki kwa sababu wengi tunabishania magari ambayo hatujawahi kuyaendesha. Lakini yupo mtu mmoja ambaye angeweza kukaa kijiweni na kila mtu akanyamaza. Huyo ni Juan Manuel Fangio wa Argentina, bingwa wa dunia wa mbio za langalanga za Formula One mara tano. Mataji yake aliyatwaa akiwa na Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Mpaka leo hakuna dereva mwingine aliyebeba ubingwa kwa timu nne tofauti.

Magari hayo hakuyaonja kwenye duka la kuuzia, akikanyaga mafuta kidogo na kurudisha funguo. Aliyaendesha zama ambazo hakukuwa na mkanda wa kumfunga dereva, kofia ilikuwa nyepesi, na pembeni ya barabara kulikuwa na miti, kuta na watu. Swali la gari lipi linaaminika kwake halikuwa la maneno ya kupigia soga. Lilikuwa la kurudi nyumbani au kutorudi.

Mtoto wa Balcarce

Fangio alizaliwa Juni 24, 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, mkoa wa Buenos Aires, eneo linalosifika kwa viazi. Wazazi wake walikuwa wa familia za wahamiaji kutoka Abruzzo, Italia. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na nyumbani hapakuwa na pesa ya kuchezea.

Mpira aliupenda sana na alikuwa anaujua. Kwenye mpira ndiko alikopata jina la utani lililomfuata hadi kaburini: El Chueco, yaani Matege. Lakini shule aliiacha mapema akaingia gereji, na huko ndiko akili yake ilikolala. Alianza kwa kufagia na kuosha vyuma, akapanda hadi kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza hata nati moja mezani.

Akiwa kijana wa miaka 16 hivi, homa ya mapafu nusura imuue, akalala kitandani muda mrefu akiuguzwa na mama yake. Alipopona akaenda jeshini, na wakubwa walipoona anavyoshika usukani wakampa kazi ya kumwendesha ofisa. Aliporudi Balcarce akafungua gereji yake na marafiki.

Mwaka 1936 akaingia kwenye mbio zake za kwanza. Gari lenyewe lilikuwa Ford iliyokuwa ikifanya kazi ya teksi, akavua bodi na kuliandaa kwa mashindano. Halikufika mwisho, injini ilimfia njiani. Wengine wangeona aibu, lakini fundi yule alirudi gereji kutazama ni kitu gani kimekatika na kwa nini.

Shule ya vumbi

Mbio za Argentina za wakati ule zilikuwa balaa. Hazikuwa za kuzunguka uwanja, zilikuwa safari za maelfu ya kilomita kwenye vumbi, matope na milima ya Andes. Dereva na msaidizi wake ndio walikuwa mafundi. Kikivunjika kitu mnakitengeneza wenyewe, usiku, kwa mwanga mnaoupata.

Mwaka 1940, akiwa na Chevrolet, Fangio alishinda mashindano ya kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi, karibu kilomita 9,500. Mwaka huo akawa bingwa wa nchi, na mwaka uliofuata akarudia. Vita Kuu ya Pili ikakatisha mashindano wakati yeye akiwa kwenye ubora wake.

Huko kwenye vumbi ndiko alikojifunza somo ambalo vijana wengi wa Ulaya hawakulipata: gari linaongea. Kabla ya kufa hutoa dalili, na dereva mwenye sikio huipunguzia mzigo kabla halijamkatikia. Falsafa yake ilikuwa kushinda kwa mwendo mdogo kadiri inavyowezekana. Akiweza kushinda kwa sekunde tano, haoni sababu ya kuua injini ili ashinde kwa dakika moja.

Lakini vumbi hilo pia lilimpa jeraha. Mwaka 1948, katika mbio za kutoka Buenos Aires kwenda Caracas, gari lake liliacha njia usiku huko Peru na kubingirika. Yeye alipona. Rafiki na msaidizi wake, Daniel Urrutia, alifariki. Fangio alifikiria kuacha kabisa, na watu wa karibu wanajua kwamba kifo kile hakikumtoka moyoni.

Alfa Romeo: kasi ya moto, kiu ya ngamia

Mwaka 1949, kwa msaada wa chama cha magari cha Argentina na serikali ya Juan Perón, alipelekwa Ulaya kwa msimu mzima. Alikuwa anakaribia miaka 38, umri ambao nyota wengi wa leo wameshatundika kofia. Wazungu walimwona mtu mfupi, mpole, anayeanza kuota kipara, wakadhani amekuja kutalii. Akashinda San Remo, Pau, Perpignan, Marseille, Albi na Monza. Alfa Romeo wakamwita.

Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1950, Alfa Romeo 158 ndiyo ilikuwa mfalme. Injini yake ndogo ya lita 1.5 ilikuwa inasukumiwa hewa kwa nguvu, ikitoa kasi ambayo hakuna aliyeifikia. Mwaka huo mwenzake Giuseppe Farina alitwaa taji, Fangio akawa wa pili. Lakini Monaco ndipo watu walipomjua ni nani. Wimbi la bahari lililowesha kona, magari ya nyuma yakagongana na kuziba njia. Fangio, aliyekuwa mbele, alipozunguka na kukaribia mahali pale aliona kwamba watazamaji hawamtazami yeye anayeongoza, wamegeuzia nyuso upande mwingine. Akashika breki kabla ya kona. Akapenya katikati ya vyuma vilivyolundikana, akaenda kushinda.

Mwaka 1951 akatwaa taji lake la kwanza kwa Alfa 159. Gari lile alilipenda mpaka uzeeni, ndilo lililomfanya bingwa. Lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja: kiu. Lilikunywa mafuta kama lori la mizigo, likabeba matangi mazito na bado likasimama kujaza. Kule Silverstone, Mwargentina mwenzake José Froilán González aliitumia nafasi hiyo na kuipa Ferrari ushindi wake wa kwanza wa ubingwa wa dunia. Taji liliamuliwa Hispania, ambako Ferrari walikosea kuchagua tairi nazo zikachanika. Mwisho wa mwaka Alfa, wakijua gari lao limefika ukingoni, wakajitoa.

Kosa la Monza

Mwaka 1952 Fangio alifanya kosa ambalo hakulificha. Jumamosi ya Juni 7 aliendesha BRM ya Uingereza huko Ireland Kaskazini. BRM ilikuwa na injini ya silinda 16 yenye mlio wa kutisha, lakini kwa kuharibika ilikuwa na sifa kuliko mlio wake, na siku hiyo haikumfikisha mwisho. Kesho yake alitakiwa Monza, Italia, kuendesha Maserati. Usafiri ukamkatikia. Alifika Paris, akachukua gari, akaendesha usiku kucha kuvuka milima ya Alps, akaingia Monza mbio zikikaribia kuanza. Hakuwa amelala wala kufanya mazoezi na gari lile.

Mzunguko wa pili, gari lilimtoka kwenye kona, likagonga ukingo na kumrusha. Akavunjika shingo. Msimu wote uliobaki aliumaliza akijiuguza. Siku ile hakuna kampuni ya kulaumiwa, kwani kilichoharibika kilikuwa dereva mwenye usingizi. Somo hilo kila dereva wa basi la usiku analijua, hata kama hajawahi kulisikia jina la Fangio.

Mercedes: gari la kufika

Alirudi mwaka 1953 na Maserati, akamaliza wa pili nyuma ya Alberto Ascari wa Ferrari. Mwaka 1954 akaanza msimu na Maserati mpya, 250F, akashinda Argentina na Ubelgiji. Kisha Mercedes wakaleta gari lao, W196, na Fangio akahamia huko katikati ya msimu. Julai 1954 huko Reims, Ufaransa, magari hayo ya fedha yalijitokeza kwa mara ya kwanza na kushika nafasi ya kwanza na ya pili, Fangio mbele na Karl Kling nyuma yake.

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wetu wa kijiweni. Kwa kuendesha, Fangio aliiona 250F kuwa tamu kuliko W196. Maserati ilikuwa inaselelea kwenye kona kwa utulivu, unaiongoza kwa mguu wa mafuta kama mcheza dansi anavyomwongoza mwenzake. Mercedes ilikuwa nzito, ngumu zaidi, inataka kuheshimiwa. Lakini Mercedes ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: ukiingia ndani yake, una karibu uhakika wa kufika.

Uhakika huo haukuanguka kutoka mbinguni. Wajerumani walikuja na mafundi wengi, kila kipande kimepimwa, na injini ya silinda nane inayochomewa mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Katika mbio 12 za ubingwa ilizoingia mwaka 1954 na 1955, W196 ilishinda 9. Kati ya hizo, 8 ni za Fangio na moja ya Stirling Moss.

Hata hivyo haikuwa malaika. Silverstone 1954, bodi lake pana lilimzuia Fangio kuona kona vizuri, akawa anagonga mapipa ya pembeni na kumaliza wa nne. Monaco 1955, Mercedes zote zilikufa njiani. Gari la kutegemewa si lile lisiloharibika kabisa, ni lile linaloharibika mara chache na wenyewe wanajua kwa nini limeharibika.

Januari 1955 huko Buenos Aires joto lilikuwa kali hata madereva wakawa wanaanguka na kupokezana magari. Fangio aliendesha saa tatu peke yake, chuma cha moto kikiunguza mguu wake, akashinda nyumbani. Mwaka huo akatwaa taji la tatu.

Juni 1955, Le Mans

Lakini mwaka huohuo ndio ulioitia Mercedes doa la damu. Juni 11, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Mercedes ya Pierre Levegh iliparamia gari lililokuwa mbele yake, ikaruka na kutua kwa watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Fangio alikuwa nyuma kidogo tu, akapenya kwenye moshi na vipande vya chuma. Mercedes waliyatoa magari yao usiku ule, na mwisho wa msimu wakaacha mashindano.

Wakati huo orodha ya marafiki waliokufa ilikuwa inarefuka. Mwaka 1954 kijana wake aliyemlea kimichezo, Onofre Marimón, alikufa akifanya mazoezi Nürburgring na Maserati. González alilia mpaka akashindwa kuendelea na mbio, Fangio akaendesha na kushinda huku macho yakiwa mekundu. Mei 1955 Ascari alitumbukia baharini na gari Monaco akaokolewa, siku nne baadaye akafia Monza akijaribu Ferrari. Anayesema gari la kifahari ni raha tupu, aisome orodha hiyo.

Ferrari: jina kubwa, ndoa ngumu

Mwaka 1956 Fangio akaenda Ferrari. Gari lilikuwa lile la Lancia D50, ambalo Lancia walilikabidhi kwa Ferrari baada ya kuishiwa. Lilikuwa na kasi, lakini ndoa yenyewe haikuwa na amani. Fangio alizoea fundi wa kudumu anayelijua gari lake, akakuta utaratibu mwingine. Ubelgiji gari lilimfia akiongoza. Ufaransa bomba la mafuta likapasuka. Akaanza kushuku kwamba haandaliwi gari kama wenzake. Enzo Ferrari alikanusha, na mpaka wanazeeka hawakukubaliana. Kilicho wazi ni kwamba baada ya kudai na kupewa fundi wake mwenyewe, matokeo yalibadilika: alishinda Uingereza na Ujerumani.

Monza, mbio za mwisho, usukani wa gari lake ukavunjika akiwa anahitaji pointi. Akasimama kwenye kituo cha mafundi akitazama taji linavyoyeyuka. Mwenzake wa timu, Mwingereza Peter Collins, kijana wa miaka 24 ambaye naye alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa, akaingia kituoni. Akashuka, akampa Fangio gari lake. Fangio akamaliza wa pili na kuwa bingwa kwa pointi 30 dhidi ya 27 za Moss. Siku ile kitu cha kutegemewa ndani ya Ferrari hakikuwa cha chuma, kilikuwa moyo wa Collins.

Maserati: penzi la mwisho

Mwaka 1957 akiwa huru kuchagua, akarudi kwa aliyempenda: Maserati 250F. Agosti 4 huko Nürburgring, barabara ya milimani yenye karibu kilomita 23 kwa mzunguko, aliendesha mbio ambazo wengi wanasema hazijapata mfano.

Hesabu yake ilikuwa ya fundi. Ferrari za Mike Hawthorn na Collins zilipanga kumaliza mizunguko 22 bila kusimama. Yeye akaanza na tangi nusu na tairi laini, akimbie mbele kisha asimame. Alipoingia kituoni baada ya mzunguko wa 12 alikuwa anaongoza kwa sekunde 28 hivi. Mafundi wakachemka, nati ya gurudumu ikawapotea. Alipotoka, Ferrari zilikuwa mbele kwa zaidi ya sekunde 45.

Basi mzee wa miaka 46 akafungua kila alichonacho. Kona alizokuwa akipunguza gia, akaziingia na gia ya juu. Rekodi ya mzunguko akaivunja, akaivunja tena na tena. Mzunguko wa 20 alitumia dakika 9 na sekunde 17.4, sekunde 8 pungufu ya muda wake mwenyewe uliompa nafasi ya kwanza ya kuanzia. Mzunguko wa 21 akampita Collins, akampita Hawthorn. Akashinda kwa sekunde 3.6 na kutwaa taji la tano. Baadaye alikiri kwamba siku ile alivuka mpaka wake na hakutaka kuendesha vile tena. Haukupatikana ushindi mwingine wa ubingwa. Maserati nao, wakiwa hoi kifedha, wakaifunga timu ya kiwanda.

Februari 1958 alitekwa hotelini Havana, Cuba, na wapiganaji wa Fidel Castro waliotaka kuiaibisha serikali ya Batista. Walimtunza vizuri na kumwachia baada ya siku moja na ushee. Julai 6 mwaka huo akaendesha mbio zake za mwisho za ubingwa, Reims, akamaliza wa nne. Siku hiyohiyo Luigi Musso wa Ferrari alikufa kwenye mbio hizo. Mwezi uliofuata Collins alikufa Nürburgring. Januari 1959 Hawthorn, aliyekuwa ameshastaafu akiwa bingwa, alikufa kwenye barabara ya kawaida akiendesha Jaguar yake.

Fangio alikuwa ameshashuka. Mbio 51, ushindi 24.

Alichagua nini mwishoni?

Alirudi Argentina kuuza magari, na magari aliyouza yalikuwa Mercedes-Benz. Mwaka 1974 akawa rais wa kampuni hiyo nchini mwake, na mwaka 1987 wakampa urais wa heshima wa maisha. Mtu aliyeifurahia Maserati kuliko zote ndiye aliyewauzia watu Mercedes, na hapo hakuna unafiki. Alijua tofauti ya gari la kukufurahisha Jumapili na gari la kukupeleka kazini kwa miaka ishirini.

Mwaka 1986 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Balcarce. Julai 17, 1995 alifariki Buenos Aires akiwa na miaka 84, akazikwa mji uleule alikofagia gereji. Rekodi yake ya mataji matano ilikaa hadi Michael Schumacher alipoifikia mwaka 2002 na kuipita mwaka 2003. Mwaka 2013, W196 mojawapo aliyoiendesha kushinda Ujerumani na Uswisi mwaka 1954 iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 19.

Kwa hiyo, wa Benz na wa BMW, endeleeni kubishana, ubishi ni haki yenu. Lakini Matege katika magari yote hayo aliuliza kwanza mambo mawili: nani analifunga hili gari, na mimi mwenyewe nimelala vya kutosha? Ndiyo maana alizeeka, akafa kitandani, na wenzake wengi wenye kasi kama yake hawakuiona hata miaka 35.